Waliobeba Waya

Studio za Radio Tanzania Dar es Salaam zilikuwa Barabara ya Pugu, inayoitwa leo Barabara ya Nyerere. Ukitoka getini kwao ukaipa bandari kisogo, ukapita uwanja wa ndege, ukapita Gongo la Mboto na stesheni ya Pugu, barabara inaanza kupanda vilima vya udongo mweupe, msitu huku na huku, na ukifika juu unaingia Kisarawe. Sisi tuliozaliwa huko tulikuwa njia moja na redio ya taifa. Mtangazaji aliyetupandisha presha Jumamosi jioni angeweza kupanda basi nje ya ofisi yake akashuka kwetu. Hakuwa na sababu ya kuja. Mpira uliotangazwa ulikuwa wa mjini, na sisi kazi yetu ilikuwa kusikiliza.

Naandika historia ya kazi yangu nikiwa upande huo wa barabara. Watu wakiikumbuka redio ya michezo ya Tanzania hukumbuka sauti: Ahmed Jongo, Charles Hilary, Tido Mhando kabla hajaenda London, Halima Mchuka aliyeshika kipaza sauti cha mpira wakati ambapo hakuna aliyetegemea kumsikia mwanamke hapo. Wanastahili kukumbukwa. Lakini kando ya kila sauti alikaa mtu mwenye karatasi, saa na waya, ambaye jina lake halikutajwa hewani. Huyo ndiye mtayarishaji. Vijana wa studio siku hizi wanasema prodyuza. Nimeifanya kazi hiyo sehemu kubwa ya maisha yangu, kwanza Dar es Salaam na sasa Kibaha, na ninaamini kwamba redio ya michezo ilikua pale watu hao walipokuwa uwanjani, na imekuwa ikipungua nguvu tangu walipoanza kubaki ofisini.

Redio yenyewe ilianza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam, kituo kidogo cha serikali ya kikoloni kilichowalenga watu wa mji huo. Mwaka 1956 likaundwa shirika la utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 serikali ikalivunja, ikaiweka redio chini ya wizara, jina likawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Mwaka uliofuata Matsushita wa Japani wakaanzisha kampuni yao Dar es Salaam, na redio na betri za National zikaenea mpaka vijijini. Kwetu redio ilikaa kwenye baraza la duka. Betri zikilegea zilianikwa juani ili zipate nguvu ya kumalizia kipindi cha pili, na mtoto aliyetumwa kuzigeuza alijiona mtu wa maana sana.

Mtu wa Maneromango hakuwa na njia ya kumwona Filbert Bayi akikimbia Christchurch tarehe 2 Februari 1974, mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi ya dunia. Alimjua kwa kusikia. Tarehe 19 Julai 1977 Simba ilipoifunga Yanga mabao 6-0, mimi nilikuwa mdogo, lakini namkumbuka mjomba wangu, Yanga wa damu, alivyoinuka akaenda shambani jioni ile, saa ambayo hakuna mtu anayelima. Ukaja mwaka 1979. Simba ilichapwa 4-0 na Mufulira Wanderers hapahapa nyumbani, wengi wakaona basi, imekwisha. Timu ikaenda Zambia ikashinda 5-0. Agosti ya mwaka huohuo Taifa Stars ikatoka sare ya 1-1 Ndola kwa bao la Peter Tino, ikafuzu kwenda Nigeria kwenye fainali za Mataifa ya Afrika za 1980. Watu wa Kisarawe hawakuliona hata bao moja kati ya hayo, na mpaka leo wazee wanabishana la Ndola lilivyofungwa, Tino alisimama wapi, kipa alijirusha upande gani. Wameona kwa masikio. Hapo ndipo ninapopima kazi ya redio: mtu asiyekuwepo ameachiwa kitu cha kubishania miaka zaidi ya arobaini.

Wa kwanza kulifikiria hilo kwa bidii, kwa kadiri ninavyoijua historia ya kazi hii, hakuwa mtangazaji. Januari 1927 BBC ilipotangaza kwa mara ya kwanza mchezo wa raga kutoka Twickenham, na wiki moja baadaye soka ya Arsenal na Sheffield United kutoka Highbury, mtayarishaji alikuwa Lance Sieveking. Uwanja ulichorwa kwenye karatasi, ukagawanywa katika miraba yenye namba, na mchoro ukachapishwa gazetini ili msikilizaji aushike mkononi. Mtangazaji, Teddy Wakelam, alisimulia mchezo, na sauti ya pili ikataja namba ya mraba mpira ulipo. Na kule Twickenham waliweka kipofu akae karibu na Wakelam, ili Wakelam azungumze na yeye. Nimewasimulia habari hii vijana wengi wanaokuja kujifunza kwangu, maana ndani yake mna mtaala mzima. Mwenye sauti alitakiwa kusema vizuri. Kuamua anasema na nani, na huyo anahitaji nini ili aone, kulikuwa kazi ya mwenzake.

Aliyenifundisha mimi alikuwa mzee aliyestaafu kutoka redio ya umma. Alinieleza siku ya mechi kubwa ilivyokuwa pale Uwanja wa Taifa, ule wa zamani, unaoitwa sasa Uhuru. Mpira saa kumi jioni. Wao wanaondoka ofisini asubuhi. Kwenye gari mna miksa, vipaza sauti viwili, hedifoni, boksi la betri na roli la waya zito kama mtoto wa miaka mitatu. Laini ya simu kutoka uwanjani hadi studio imekodiwa posta, na fundi wa posta naye lazima atafutwe kwake, kwa sababu laini iliyokodiwa Jumatano inaweza kuwa imekufa Jumamosi. Waya unatandazwa chini ya jukwaa, unafunikwa kwa mchanga mahali watu watakapopita. Kisha majaribio: mtu wa uwanjani anahesabu moja mpaka kumi, wa studio anajibu kwamba sita haikusikika, wanarudia.

Baada ya hapo ndipo kazi yenyewe inaanza: majina. Mzee wangu aliingia vyumba vya kuvalia akiwa na penseli, si kalamu ya wino, kwa sababu wino husambaa mvua ikinyesha au mkono ukitoa jasho. Aliandika namba, jina la mchezaji, jina analoitwa mtaani, na timu aliyotoka. Alimwomba mchezaji mwenyewe alitamke. Akirudi juu anayaandika upya kwa herufi kubwa kwenye kadi ngumu, kumi na moja kushoto, kumi na moja kulia, kwa mpangilio wa namba zao uwanjani. Mpira ukianza, kadi ipo mezani mbele ya mtangazaji na kidole cha mzee kiko juu ya kadi. Mpira ukimfikia beki wa kushoto, kidole kinakwenda pale. Akitoa pasi, kidole kinahama. Macho ya mtangazaji yako uwanjani, lakini ukingo wa jicho lake unakiona kidole. Mkono wa pili umeshika saa ya kusimamisha. Kipaza sauti cha pili kimeelekezwa kwa mashabiki, na mzee anajua lini akipandishe na lini akishushe, ili bao lisikike kwanza kwa umati kabla halijasikika kwa maneno.

Aliniambia, "Binti, msikilizaji anaweza kumsamehe mtangazaji sauti mbaya. Jina la mtoto wake akilikosea, hamsamehi." Mechi ikiisha, waya unakunjwa, gari linarudi Barabara ya Pugu, na kanda inakatwa kwa wembe na kuungwa kwa utepe wa gundi ili dakika tisini ziingie katika dakika mbili za taarifa ya michezo. Wenzake wa studio walikuwa na ukucha mmoja mrefu wa kubandulia utepe huo. Ndivyo ulivyomtambua mtu wa kanda ukikutana naye sokoni.

Mimi niliingia kupitia Kibaha. Shirika la Elimu Kibaha lilizaliwa kwa makubaliano ya mwaka 1963 kati ya Tanganyika na Denmark, Finland, Norway na Sweden, likakabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1970: shule ya sekondari, kituo cha afya kilichokuja kuwa Hospitali ya Tumbi, mafunzo ya wakulima, na viwanja. Nafikiri walioiandika historia ya mahali hapa wameviacha hivyo viwanja nyuma mno. UMISSETA na UMITASHUMTA, michezo ya shule za sekondari na za msingi, zimechezwa Kibaha mara nyingi, na mashindano hayo yanapofika, mji unajaa watoto wa mikoa yote na kila mmoja ana nyumbani kunakosubiri habari. Nilikwenda kama mchezaji wa netiboli, mwalimu akanikabidhi daftari la matokeo kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka, kisha akanipa spika ya mkononi. Nikatangaza mechi za wengine. Nilipomtaja golikipa wa kike kutoka mkoa wa mbali kwa majina yake yote matatu, wenzake walipiga kelele kana kwamba amefunga bao. Siku hiyo niliijua kazi yangu.

Kuijua na kuipata ni mambo mawili. Chuo cha Uandishi wa Habari Tanzania kilikuwepo tangu mwaka 1975, lakini nafasi zilikuwa chache na redio ilikuwa moja. Nilianza kwa kupeleka matokeo. Jumapili jioni nilikusanya matokeo ya ligi ya wilaya ya Kisarawe, ya Msanga, ya Masaki yetu (iko nyingine kando ya bahari, yenye mabalozi, yetu ina mihogo), ya Mzenga kwenye stesheni ya TAZARA, nikapanda basi la alfajiri Jumatatu kuyafikisha magazetini na redioni. Mara nyingi yalitupwa. Mara mojamoja yalisomwa mwishoni mwa taarifa, sentensi moja, na Kisarawe ilizungumzia sentensi hiyo mpaka Ijumaa. Nililipwa kwa habari iliyotumika, na nauli nilijitegemea.

Mlango ukafunguka na sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 iliyoruhusu redio za binafsi. Radio One ikaanza 1994, Mwanza wakapata Radio Free Africa, Clouds FM nao wakaingia hewani, na ghafla vituo vilihitaji watu wanaojua kupanga kipindi cha michezo kuanzia wimbo wa kufungulia hadi tangazo la mwisho. Charles Hilary alitoka redio ya umma kwenda Radio One, na wengi waliomfuata njia hiyo walikwenda na mazoea mazuri ya kule. Nikapata meza. Kituo kimoja kilinipa meza bila mshahara kwa miezi, nami nilibaki kwa sababu kilikuwa na mashine ya kurekodia. Siwashauri vijana wafanye hivyo. Mwenye njaa hawezi kupiga simu ya tano kuhakiki jina.

Miaka ya elfu mbili ikaleta kipindi cha mazungumzo. Sports Extra ya Clouds FM ilionyesha kwamba watu wako tayari kusikiliza saa nzima ya hoja kuhusu mechi ambayo haichezwi wakati huo. Baadaye EFM, iliyoanza 2014, ikawa na Sports HQ, na Wasafi FM, mwaka 2019, ikaja na Sports Arena. Nawaheshimu wenzangu waliojenga vipindi hivyo. Waliwafanya wachambuzi kuwa na majina makubwa kuliko baadhi ya wachezaji, wakaleta wadhamini, wakaajiri vijana, na watu wa bodaboda wakaanza kujadili mfumo wa 4-3-3 kwa utaalamu. Prodyuza wa kipindi kama hicho anafanya kazi ngumu: anatafuta mgeni, anapanga mada tano usiku, tatu zinakufa asubuhi kwa sababu klabu imemfukuza kocha, anamzuia mchambuzi asitukane, anaingiza matangazo ya kampuni za kubeti kwa sekunde walizolipia.

Lakini angalia kilichotokea uwanjani. Azam TV ilianza 2013, na mwaka 2021 Azam Media ilisaini na TFF mkataba wa miaka kumi wa shilingi bilioni 225.6 kuonyesha Ligi Kuu. Kila mechi ikawa na picha. TBC Taifa, warithi wa Radio Tanzania, bado wanatangaza mpira mubashara redioni, na nikiwa barabarani ndio ninaowasikiliza. Vituo vingi vingine viliona hakuna haja ya kutuma mtu. Mchambuzi anatazama mechi ya Mbeya kwenye skrini ya Mikocheni na kutuambia upepo ulikuwaje. Waya haukunjuliwi tena, na vyumba vya kuvalia havigongwi hodi na mtu mwenye penseli. Orodha ya wachezaji inatumwa kwa WhatsApp, na makosa yaliyomo kwenye orodha yanasomwa na redio zote kwa pamoja.

Mkoa wa Pwani uliumizwa na hali hiyo kuliko wengi. Tulikuwa na Ruvu Shooting, timu ya kambi ya JKT Ruvu, uwanja wao Mabatini, Mlandizi, mwendo mfupi kutoka Kibaha mjini. Kwa mara ya kwanza mtu wa Visiga aliweza kwenda Ligi Kuu kwa daladala. Msemaji wao, Masau Bwire, aliifanya timu isikike nchi nzima kwa maneno yake kwamba kila anayekuja atapapaswa. Wiki ya mechi yake prodyuza yeyote aliyekuwa na namba yake ya simu alilala usingizi, kipindi kilikuwa tayari. Nilimpenda kwa hilo na bado nampenda. Ila mechi zenye wasikilizaji wengi zaidi hazikuchezwa Mabatini. Mwaka 2021 Ruvu Shooting iliikaribisha Simba CCM Kirumba, Mwanza. Mwaka 2022 iliikaribisha Yanga Uwanja wa Lake Tanganyika, Kigoma. Timu ndogo inatafuta jukwaa kubwa wakubwa wanapokuja, silaumu. Lakini fikiria shabiki wa Mlandizi, timu yake iko nyumbani, nyumbani ni Kigoma, na redio anayoisikiliza haina mtu Kigoma. Mwisho wa msimu wa 2022/23 Ruvu Shooting ilishuka daraja. Nilitafuta sauti za mashabiki wa Mabatini za miaka yote ile niandae kipindi cha kuwaaga. Nilipata sauti za msemaji, za makocha, za wachambuzi. Za jukwaani nilipata chache, nyingi nilizirekodi mwenyewe.

Ndiyo maana Kibaha ninafanya kazi kwa mtindo wa zamani kwa kadiri mfuko unavyoruhusu. Vifaa vimekuwa vyepesi. Miksa, waya na laini ya posta vyote vimeingia kwenye simu ya kiganjani, kwa hiyo kisingizio cha uzito hakipo. Kijana anayekuja kwangu simpi kipaza sauti mwanzoni. Namtuma Mwendapole au Mkuza kwenye mechi ya madaraja ya chini, aje na majina yote, yakiwa yametamkwa na wenyewe kwenye simu yake, pamoja na dakika mbili za sauti ya jukwaa bila yeye kusema neno. Mkuza ipo shule ya Filbert Bayi. Yule ambaye wazazi wetu walimjua kwa kusikia tu, leo kijana wangu anapita getini kwake akienda kazini, na nimekwishamwagiza mmoja akaandae kipindi kuhusu mbio za 1974 kwa ajili ya watoto ambao hawajui rekodi ile iliwahi kuwa yetu. Wanaokuja wengi wao ni wasomi. Kanuni za mwaka 2017 chini ya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 zilitaka mwandishi awe na angalau stashahada, na sasa ipo Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari, ambayo mwaka 2024 aliteuliwa kuiongoza Tido Mhando, mtu aliyeanzia kwenye studio zilezile za Barabara ya Pugu. Sioni ubaya. Stashahada inampa kijana sheria ya kashfa na namna ya kuandika skripti. Penseli na hodi mlangoni atavipata kwa kwenda.

Na Kisarawe nimerudi. Mashindano ya Ndondo ya Clouds yalithibitisha tangu miaka ile ya 2014 kwamba mpira wa mchangani ukipewa heshima ya kutangazwa, watu wanakuja na wanaburudika. Kwa hiyo tunatangaza ligi ya wilaya, baadhi ya mechi mubashara, nyingine kwa matokeo marefu, na wafungaji wanatajwa kwa majina na vijiji. Ninachokosa ni matokeo ya nyuma. Hakuna mahali palipoandikwa nani alikuwa bingwa wa wilaya mwaka 1983, au nani aliifungia Maneromango dhidi ya Chole, isipokuwa kwenye madaftari ya makatibu wa zamani, na makatibu wanafariki, na madaftari yanafungia vitumbua. Nimeanza kuyachapa yangu, yale ya safari za Jumatatu. Familia mbili za Msanga na moja ya Mzenga zimeleta ya baba zao. Katika moja, la mwaka 1986, katibu ameandika kila mfungaji na dakika yake, kisha pembeni, kwa kila mechi, idadi ya watu waliokaa mpaka mwisho. Mwenye daftari la namna hiyo, la Kisarawe au la Kibaha, hata kama kurasa zimetobolewa na mende, alilete. Tutalipiga picha ukurasa kwa ukurasa na kumrudishia siku hiyohiyo, na majina yaliyomo tutayasoma hewani.